Bustani ya nyumbani isiwe adhabu ya mtoto

Aliyechelewa namba alikabidhiwa ndoo. Watu wazima wengi waliopitia shule za msingi, za Tanzania na za Kenya, wanaijua hukumu hiyo bila kuelezwa: umechelewa mstarini, umepiga kelele darasani, kucha hukukata, basi kachote maji umwagilie bustani ya shule, au shika fyekeo ukasafishe nyuma ya vyoo. Kosa lilipimwa kwa hatua za mwalimu juu ya ardhi. Kosa dogo, matuta mawili. Kosa kubwa, mpaka kule kwenye mwembe. Waliobaki na sare safi ndio walioonekana watoto wema.

Mtoto huyo leo ni mzazi. Amepanga vyumba viwili Tabata jijini Dar es Salaam, au Umoja kule Nairobi, ana watoto watatu na kazi inayomtoa nyumbani kabla ya jua. Kliniki anaambiwa mtoto wa mwisho aongezewe mboga za majani. Redioni anasikia habari za bustani ya nyumbani. Anaitikia, kisha jioni anapita sokoni kununua fungu la mchicha uliokwisha kunyauka, kwa sababu neno bustani linamrudishia mkononi uzito wa ile ndoo. Na siku anapochoshwa na utundu wa mwanawe, adhabu inayomjia haraka ni ileile: toka nje ukang'oe magugu.

Hapo ndipo bustani nyingi za familia zinapofia, kabla hata mbegu haijagusa udongo. Wataalamu husema tatizo ni nafasi, maji au mbegu, na kweli hayo yapo. Lakini familia yenye uwanja mpana na bomba mlangoni nayo haina bustani, wakati jirani yake anayeishi kwenye chumba kimoja ana magunia mawili ya sukuma wiki barazani. Kinachowatenganisha ni namna kazi yenyewe ilivyoingizwa ndani ya nyumba: ukubwa wake, wakati wake, na heshima aliyopewa mtoto anayeifanya.

Takwimu hazimruhusu mtu kulipuuza jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na zaidi ya nusu ya watoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Gunia la mchicha haliwezi kuondoa udumavu peke yake. Udumavu una mizizi katika maji machafu, maradhi ya mara kwa mara, lishe ya mama tangu mimba, na umaskini. Lakini mtoto anayekataa mboga sahanini huwa mtu mwingine kabisa mbele ya mboga aliyoipanda. Wazazi waliojaribu wanalijua hilo.

Serikali zetu zimejaribu pia. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe na shamba au karakana. Wengi wanakumbuka shamba, wamesahau sharti lake: kwamba wanafunzi washirikishwe kuamua shamba liendeshwe vipi na mapato yake yatumikeje. Sharti hilo likaachwa njiani, jembe likabaki. Kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, iliyofuata ile ya Mtu ni Afya ya 1973, ilifanya vizuri zaidi katika hili, maana iliwakusanya watu katika vikundi kusikiliza redio, kujadiliana, kisha kukubaliana wenyewe la kufanya. Kenya nayo, wakati wa Uviko mwaka 2020, ilizindua mpango wa bustani milioni moja za nyumbani, na mwaka uliofuata ikazifufua rasmi klabu za kilimo za 4-K mashuleni. Rwanda wana akarima k'igikoni, kijishamba cha jikoni kinachohimizwa kwa kila kaya.

Yote haya ni mema. Ila kampeni huhesabu bustani zilizoanzishwa. Bustani iliyofikisha mwaka wa pili hakuna anayekwenda kuihesabu.

Kitu cha kwanza cha kupunguza ni ukubwa. Mzazi anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku hawezi kutunza matuta kumi, na asijidanganye. Dakika 15 kwa siku, na saa moja siku ya Jumamosi au Jumapili, ndiyo hesabu ya kweli. Kwa muda huo familia inamudu magunia matatu, au tuta moja la mita mbili kwa moja, pamoja na ndoo chache zilizopasuka. Hapo pana mboga za kula mara mbili au tatu kwa wiki. Anayeanza na nusu uwanja huwa na magugu ya kiunoni kufikia wiki ya tano, na mke au mume anayelalamika kila anapopita hapo.

Mfano mzuri wa udogo huu uko Kibera, Nairobi. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi ziliufunga mtaa huo. Hata reli inayopita katikati yake iling'olewa. Chakula kikawa adimu na ghali. Shirika la misaada la Ufaransa la Solidarités likaanza kugawa miche na kuwafundisha wakazi kupanda mboga katika magunia, mahali ambapo kati ya nyumba na nyumba hapana nafasi ya tuta hata moja. Gunia lilisimamishwa mlangoni, likapandwa juu na ubavuni kote, likatoa sukuma wiki, spinachi, kunde na vitunguu vya majani. Shida za Kibera zilibaki palepale, lakini ilidhihirika kwamba mtu anayemiliki hatua moja ya ardhi, tena ya kupanga, anaweza kuchuma mboga yake mwenyewe.

Kulitengeneza gunia hilo ni kazi ya asubuhi moja, na watoto huipenda kupita kiasi. Chukua gunia lililokuwa na mchele au mahindi. Lililobeba mbolea ya chumvichumvi au dawa ya shamba lisikaribie chakula. Changanya ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya samadi iliyoiva. Iliyoiva maana yake haina harufu kali wala joto. Samadi ya kuku iliyotoka bandani jana inaunguza mizizi na kumvunja moyo mtoto kwa wiki moja. Simamisha katikati ya gunia kopo kubwa lililotobolewa pande zote mbili, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha livute kopo juu kidogo na urudie, mpaka nguzo ya kokoto ifike mdomoni mwa gunia. Nguzo hiyo ndiyo koo. Maji yakimwagwa pale yanashuka na kusambaa hadi chini, badala ya kulowesha juu tu. Ubavuni toboa matundu, kila moja umbali wa kiganja na jingine, na katika kila tundu pachika mche.

Kokoto ni kazi ya mtoto wa miaka minne. Kupachika miche ni ya wa miaka minane, ambaye vidole vyake vinapita kwenye tundu kuliko vya baba.

Baada ya udogo, wakati. Hapa mababu wa mwambao wana la kutufundisha. Waswahili wa kale walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, ambayo Makunduchi bado huadhimishwa kwa Mwaka Kogwa kila Julai, na waliugawa mwaka huo katika miongo ya siku kumi kumi. Kwa miongo hiyo nahodha alijua lini kaskazi inageuka, na mkulima alijua lini ateremshe mbegu. Siku hizi mwongo umebaki kuwa miaka kumi ya wanahistoria, lakini ule wa siku kumi ni kipimo kizuri mno kwa mtoto. Mwezi ni mrefu kwake, na siku moja haionyeshi kitu. Siku kumi anaziweza kwa vidole vyake. Kunde huchomoza kabla ya nusu ya mwongo wa kwanza na majani yake huanza kuchumwa karibu na mwongo wa tatu. Mchicha huwa tayari mwongo wa tatu au wa nne. Matembele, mwongo wa tano. Bamia, wa sita. Familia ikibandika karatasi ukutani na kuchora mistari kila siku kumi, bustani inakuwa na hadithi inayofuatiliwa.

Misimu ya pwani na ukanda wa mvua mbili ni minne: masika kuanzia Machi hadi Mei, kipupwe cha Juni hadi Agosti, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na kiangazi cha Januari na Februari. Dodoma, Singida na nyanda za juu kusini wana msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwao kalenda hii isogezwe. Nairobi na Arusha wana mvua mbili kama pwani, ila Julai yao ina baridi inayozubaisha mchicha na kuipendeza sukuma wiki.

Kosa la kawaida kwa wanaoanza Dar es Salaam ni kungoja masika yakolee. Aprili, mwezi wa mvua nyingi kuliko yote jijini, mvua hupiga mbegu ndogo za mchicha zikazama au zikasombwa hadi mtaroni, na miche inayosalia huoza shina. Masika ni msimu wa vitu vyenye mifupa: marando ya matembele, miche ya mipapai, mronge uani, mchaichai ukutani, maboga yanayotambaa juu ya uzio na kutoa majani kabla ya matunda. Hivi vikipandwa mwanzoni mwa Machi, mvua inavimwagilia bure kwa miongo tisa, na mzazi mwenye shughuli nyingi hana haja ya kuinua ndoo hata moja.

Kipupwe ndicho kipindi kitamu kuliko vyote. Jua limepoa, wadudu wamepungua, udongo una unyevu wa masika, na Juni shule za Tanzania zimefungwa. Hakuna wakati mwepesi zaidi wa kuwaanzishia watoto mchicha, chainizi, spinachi na vitunguu vya majani. Mbegu za mchicha ni ndogo kuliko chawa. Zichanganywe na kiganja cha mchanga mkavu ndipo zinyunyizwe, la sivyo mtoto atazimwaga zote mahali pamoja. Zikiota kwa msongamano, mdogo apewe kazi ya kung'oa zinazozidi. Hizo zinazong'olewa ni mboga tayari, laini kuliko ya sokoni, kwa hiyo jioni ileile iwepo sufuria jikoni hata kama kilichopatikana ni vijiko viwili.

Vuli ni ya kunde na bamia. Mbegu zake ni kubwa, zinashikika, na mtoto wa chekechea anaweza kuzihesabu: tatu kila shimo, kina cha kifundo kimoja cha kidole. Bamia ziloweshwe usiku mmoja kwanza ili zisichelewe kuota. Wakipanda katikati ya Oktoba, Desemba shule zinapofungwa bamia ndiyo inachanua ua lake la manjano lenye kitovu cha zambarau, ambalo watu wengi wazima hawajawahi kulitazama ingawa wamekula bamia maisha yao yote. Kunde nazo zinatia rutuba kwenye udongo kwa bakteria waliomo mizizini mwake, kwa hiyo gunia lililozaa kunde vuli hii linafaa kupandwa mchicha baadaye.

Na kiangazi? Kiangazi, bustani ipumzike. Ushauri huu hautolewi vya kutosha. Januari kuna ada, sare, madaftari, jua la kuchoma ngozi na bomba linalotoa upepo. Anayejilazimisha kulea mche wa chainizi katika jua la Februari anajitafutia huzuni. Matembele yafunikwe kwa nyasi kavu yajistahimilie, mchaichai uachwe, magunia mengine yatiwe maganda ya ndizi na majani makavu, yafunikwe, yaoze mpaka Machi. Familia nyingi huacha bustani kabisa kwa sababu iliwafia kiangazi, wakadhani hawana mkono wa kupanda. Walikosa likizo tu.

Yapo mazao ya kuyaepuka mwaka wa kwanza, na la kwanza ni nyanya. Kila anayeanza anataka nyanya. Lakini nyanya inakaa karibu siku 80 shambani tangu kuhamishwa kitaluni, inataka vijiti vya kuiegemeza, inaugua ukungu, na tangu mwaka 2014 ina adui aliyeingia kutoka mbali, mdudu mdogo ambaye wakulima wa Tanzania walimbatiza jina la kanitangaze. Mdudu huyu huchimba ndani ya majani na matunda, na wakulima wenye uzoefu wa miaka 30 wamepoteza mashamba mazima kwa ajili yake. Mtoto wa miaka saba asikabidhiwe vita hiyo. Karoti nazo huchukua wiki mbili kuota, na kabichi moja inakaa miezi mitatu ikitoa mlo mmoja. Kisamvu ni mboga tamu kuliko zote kwa maoni ya wengi, lakini kukitwanga na kukichemsha mpaka sumu yake iishe si kazi ya jioni ya Jumatano.

Badala yake pana utajiri wa mboga ambazo bibi zetu walizijua na maduka makubwa yalizidharau. Pale Tengeru, nje kidogo ya Arusha, Kituo cha Mboga Duniani kimekuwa kikifanya kazi tangu mwaka 1992, kikikusanya na kuboresha mbegu za mnafu, mgagani, mlenda, mchicha na nyanya chungu. Nyanya chungu nyeupe iitwayo Tengeru White inalijulisha jina la kijiji hicho mbali. Mboga hizi zimeuzoea udongo na jua letu. Nyanya chungu hasa inastahili nafasi katika kila nyumba: mche mmoja kwenye ndoo huzaa kwa miezi mingi, na mtoto hupenda kuhesabu matunda kuliko majani. Mbegu zinunuliwe duka la pembejeo, zikiwa kwenye pakiti yenye tarehe. Pakiti ndogo inatosha familia kwa misimu miwili.

Wadudu watakuja tu. Vidukari hujazana chini ya majani ya kunde na chainizi, na dawa ya kwanza ni vidole vya mtoto na maji. Wakizidi, kijiko cha sabuni ya maji ndani ya lita moja ya maji, au majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulowekwa usiku kucha, yanapulizwa jioni jua likishazama. Dawa kali za madukani zisiingie katika bustani ya watoto. Hakuna mche wenye thamani ya kumfundisha mtoto wa miaka sita kushika chupa yenye alama ya fuvu, na mboga iliyoliwa kidogo na viwavi inaoshwa na kupikwa kama nyingine.

Maji yanahitaji akili zaidi kuliko wingi. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau mgao wa mwishoni mwa mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua na mitaa mingine ikakaa siku kadhaa bila tone. Gunia moja halitaki zaidi ya lita tatu hadi tano kwa siku za jua, na maji ya kuoshea mchele, ya kusuuzia mboga au yaliyotumika kusuuza vyombo mara ya mwisho yanatosha kabisa. Yenye jiki au sabuni nyingi ya unga yamwagwe kwingine. Jioni ndiyo saa yake, ardhi ikiwa imepoa. Jambo moja tu lisisahauliwe: visahani na makopo yanayoachwa na maji chini ya vyungu huzalisha mbu wa dengi, na jiji hili limeshaonja milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Kuvimwaga kila siku tatu iwe sehemu ya mchezo.

Wapo wanaouliza taabu yote hiyo ya nini, na mboga sokoni zimejaa. Zimejaa, ndiyo, na wanaozilima mjini ni watu wanaostahili shukrani. Lakini sehemu ya mboga za majani za Dar es Salaam humwagiliwa maji ya bonde la Msimbazi, mto unaopokea maji taka ya viwanda na ya majumbani, na watafiti wamekuta humo madini mazito kama risasi, katika udongo na katika mboga zenyewe. Mlaji hana namna ya kulitofautisha fungu hilo na jingine. Hiyo ni kazi ya serikali na ya viwanda, na isiachwe mabegani mwa mama mwenye gunia. Ila gunia lake, udongo wake na maji yake anavijua.

Wenye nyumba nao wanahusika. Mtindo wa siku hizi wa kusakafia uwanja mzima kwa vigae vya saruji, usiache hata shimo la mchaichai, unawanyima wapangaji udongo na kupeleka maji ya mvua yote barabarani. Kuacha ukanda wa mita moja kando ya ukuta hakumpunguzii mtu kodi.

Lakini yote haya yatabaki maelezo ya kilimo kama mtoto hatapewa bustani kwa maana halisi ya kupewa. Katika magunia matatu, moja liwe lake. Jina lake liandikwe kwa rangi. Yeye ndiye achague kipandwe nini, hata kama amechagua alizeti, ambayo hailiki jioni ya leo lakini humzidi kimo ndani ya miongo minane na kuinua vichwa vya mtaa mzima. Mzazi anayeamka usiku kumwagilia kwa siri mche ambao mtoto aliusahau ana nia njema, lakini amemnyang'anya kitu. Mche ukifa, ukafa kwa sababu haukunyweshwa, mtoto wa miaka saba anaielewa sababu hiyo bila hotuba. Apewe mbegu nyingine, basi.

Kazi nazo zigawanywe kwa haki. Katika nyumba nyingi ndoo ya bustani huishia mikononi mwa binti mkubwa au dada wa kazi, kijana wa kiume akiwa kwenye mpira. Hapo bustani imekuwa mzigo mwingine juu ya mtu aliyelemewa tayari. Zamu ibandikwe ukutani pamoja na ile karatasi ya miongo, baba akiwa na siku yake. Na iwe sheria ya nyumba, inayosemwa wazi mbele ya watoto: hakuna atakayetumwa bustanini kwa kosa. Aliyevunja sahani atapata adhabu nyingine. Walimu wanaosoma haya wanaweza kuichukua sheria hiyo hadi shuleni, maana mkono unaopewa jembe kwa hasira leo hauna sababu ya kulishika kwa hiari miaka 20 ijayo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za vuli kila mwaka kabla hazijaanza, na utabiri huo hutangazwa redioni na magazetini. Familia inaweza kuusikiliza pamoja, mtoto akiulizwa anaonaje. Jumamosi ya mwisho ya Septemba magunia yajazwe. Katikati ya Oktoba, mvua ya kwanza ya kweli ikishalowesha ardhi kina cha kidole, kunde zipandwe, tatu kila shimo, na tarehe iandikwe ukutani kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe. Karibu na katikati ya Novemba atakuja jikoni na majani machache kwenye bakuli, pengine yenye udongo, pengine hayatoshi hata mtu mmoja. Yapikwe siku hiyohiyo, na yeye ndiye aamue nani aanze kuonja.